Ekseli ya Mzee Kimotho

Watu wa Kawangware wakisimulia habari za Obiero husema alikuwa mjinga. Akiyasema hayo mbele yangu, mtu atakunywa chai yangu bila sukari siku hiyo, na asiniulize kwa nini. Obiero si mjinga. Ni mtu mwenye adabu, na siku hizi naona watu wameshindwa kabisa kutofautisha hivyo viwili.

Mimi naitwa Wanza. Kwa miaka mingi niliuza chapati, maharagwe na chai kwenye lango la kiwanja cha Mzee Kimotho, pale Kawangware, ambapo mafundi wa magari walikuwa wakifanyia kazi ndani ya uzio wa mabati. Obiero si ndugu yangu. Yeye ni Mjaluo wa Ugenya, mimi ni Mkamba wa Makueni. Lakini mtu akila kwako kila mchana mwaka mzima, unamjua kuliko pasta wake anavyomjua. Haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu nikiwa na kijiko mkononi, na ndiyo maana hasira haijaniisha.

Obiero alikuwa na Pijo, ile pikapu ya zamani yenye pua ndefu ambayo baba zetu waliionea fahari. Aliipata ikiwa imechoka, akaifufua kidogo kidogo. Aliishi Kambi Muru, Kibera, na mkewe Awiti, na kazi yake ilikuwa kubeba mchanga, kokoto na mawe ya kujengea. Kazi hiyo hapa Nairobi ina wenyewe, nao ni watu wa malori, na hawamwachii mtu hata chembe. Ila kuna mahali lori halina maana. Ukitoka kwenye lami ukaanza kuteremka Kambi Muru, au ukizunguka nyuma ya yale magorofa ya Soweto East, njia inabana mpaka mtu wa upande huu anaweza kumpa mwenzake wa upande ule chumvi bila kutoka nje. Lori husimama juu kwenye lami, likamwaga mzigo, na mwenye kujenga akaanza kutafuta vijana wa kuubeba kwa magunia.

Pijo ya Obiero ilikuwa inapita. Alikunja vioo vya pembeni, akatoa kichwa dirishani, akapiga honi, akina mama wakaondoa majiko na beseni zao huku wakimtukana, naye akapita akiwaomba msamaha kila mmoja kwa jina la mtoto wake. Mzigo ulifika mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake yote: gari dogo linaloingia pasipoingilika.

Taabu ilikuwa nyuma. Pikapu kama ile ni ya kubeba mboga na maziwa, si mawe. Ekseli yake, yaani ule mti wa chuma unaoshika magurudumu mawili ya nyuma na difu, lile bonge la gia, katikati, ilikuwa ikilia kila akipakia. Siku moja kwenye mteremko wa Kambi Muru ikapinda, shafti ikakatika ndani, na gari likakaa kitako katikati ya njia na mawe mgongoni. Mikokoteni ya maji haikupita mpaka jioni. Obiero aliniambia kwamba matusi mengine aliyotukanwa siku ile hakuwa amewahi kuyasikia, na amekaa Kibera tangu utotoni.

Ikavutwa mpaka kiwanjani kwetu. Fundi wake alikuwa Boaz, Mluhya mnene mwenye maneno mengi, lakini akishika mashine ya kuchomelea vyuma ananyamaza kama yuko kanisani. Boaz aliingia chini ya gari, akakaa huko, akatoka akijipangusa mikono kwa gazeti.

"Buda, nikikuwekea ekseli ingine ya Pijo, utarudi hapa kabla mvua iishe," akasema. "Wewe unabeba mawe. Unataka ekseli ya lori."

"Nitatoa wapi, omera?"

Boaz alitazama kona ya kiwanja, na sisi sote tukatazama huko huko.

Kwenye ile kona kulikuwa na Canter ya Mzee Kimotho, lori dogo la kijani ambalo injini yake ilikufa zamani. Mzee Kimotho ndiye aliyekuwa mwenye kiwanja, na nyumba za kupangisha zilizokizunguka, na ardhi ile tangu kwa baba yake. Canter ilikuwa gari lake la kwanza. Yeye na mkewe walilitumia kubeba kabeji mpaka wakajenga hizo nyumba. Mkewe alipokufa, lori likaegeshwa, na hakuna fundi aliyeruhusiwa kufungua hata nati moja. Wengi walimwomba. Aliwasikiliza wote kwa upole, kisha akawaambia hapana.

Obiero hakwenda kumwomba. Hapo ndipo watu wanapokosea wakidhani alimzunguka mzee. Kwa muda mrefu alikuwa akimpeleka kanisani kila Jumapili, kwa sababu magoti ya mzee yalikuwa yamekataa na watoto wake walihamia mitaa mizuri ambako, inaonekana, Jumapili huwa hakuna nafasi. Hakuna aliyemwambia Obiero afanye hivyo. Alikuwa akiegesha gari pale, akamwona mzee amevaa koti na tai amekaa mlangoni anangoja, akamwambia panda. Sasa Pijo ilipovunjika, Jumapili iliyofuata Obiero alitembea kwa miguu kutoka Kibera, akaja kumwambia mzee uso kwa uso kwamba leo hawezi kumpeleka. Angeweza kupiga simu.

Nilikuwa nimempelekea mzee chai. Binti yake, Nyawira, alikuwa amekuja kumtembelea, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu naye.

"Obiero," mzee akasema, "Boaz ameniambia unatafuta ekseli ya lori."

"Boaz ana mdomo, mzee."

"Ile Canter ekseli yake ni nzima. Inakaa tu hapo inaliwa na kutu. Chukua uweke kwa gari yako."

Obiero alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mzee, siwezi chukua kitu yako hivi hivi."

"Kwani ni hivi hivi? Watoto wangu hawajui hata kanisa yangu imepakwa rangi gani. Wewe unajua. Chukua, nimekupa, ni yako." Akamgeukia binti yake. "Nyawira, umesikia? Nimempa."

"Nimesikia, Baba," Nyawira akasema.

"Kitu kimoja tu," mzee akaendelea. "Sitaki kuamka nione gari yangu imelala kwa mawe kama imekufa. Isimame kwa magurudumu."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kutumaliza, na hakuna aliyejua. Boaz alipoambiwa alikuna kichwa. Gari lisimame kwa magurudumu vipi, na ekseli imetolewa? Njia ilikuwa moja tu: ainyooshe kidogo ile ekseli ya Pijo iliyopinda, aifunge chini ya Canter, lori lisimame nayo hata kama limeegemea upande.

"Lakini unajua vile watu watasema," Boaz akamwambia Obiero. Kwenye kiwanja kile, na nadhani kila mahali mafundi wanapokaa pamoja, mtu akitaka kuazima kifaa kwenye gari la mwenzake, hufungua kile chema na kuacha chake kibovu mahali pake. Ni alama. Mwenye gari akikuta kile kibovu anajua kwamba kitu chake hakikuibwa, kitarudi. Hakuna anayeandika, hakuna anayeuliza. "Ukiacha yako hapo," Boaz akasema, "ni kama umeazima."

"Wacha waseme," Obiero akajibu. "Mzee anajua alichonipa. Nitamkatalia kitu ndogo hivyo, mtu amenipa gari yake?"

Kazi yenyewe ilikuwa tamu kuitazama. Boaz aliinua Pijo kwa jeki na magogo, akakata bolti zilizoshikana na kutu, ekseli ya zamani ikaanguka chini. Ile ya Canter ilibebwa na wanaume mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Viti vya springi, vile vibao vya chuma ambapo springi hukalia ekseli, havikulingana, kwa hiyo akavikata vyote na kuchomelea vipya, na ili kujua kama difu imetazama sawasawa na propela, ule mhimili unaoleta nguvu ya injini nyuma, alilaza juu yake chupa ya maji iliyojaa nusu, akachuchumaa akitazama maji yametulia upande gani. Propela ilikuwa ndefu mno, akaikata na kuiunga. Lori huwa na magurudumu mawili mawili nyuma; ya nje akayatoa, yakabaki moja moja, ili gari liendelee kupita kwenye vichochoro. Kila mahali alipomaliza kuchomelea aliacha vitone vitatu vya chuma kwa mstari. Ni tabia yake, kama mwingine anavyotia sahihi.

Ilipokwisha, Pijo ilisimama matako juu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tairi za mbele zilikuwa ndogo na za nyuma kubwa, kwa hiyo Obiero akalazimika kubeba spea mbili. Breki ya mkono haikufika, akawa na kipande cha mti cha kuweka nyuma ya gurudumu. Gari lilivuta ajabu lakini mbio halikuwa nazo tena, hata watu wa bodaboda walimpita wakimpungia mkono. Tulimcheka sana. Yeye alicheka kuliko sisi.

Jumapili mzee akapanda. Aliingia kwenye kabini na koti lake, na gari lilipoanza kwenda akainua kidole tunyamaze. Difu ya Canter ina mvumo wake, mzito, unaosikika kifuani. Mzee alisikiliza mpaka langoni.

"Huo ni mlio wa gari yangu," akasema. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakuyaficha. "Obiero, siku yangu ikifika, mnibebe na hii."

"Mzee, wacha hayo maneno."

"Nimesema mnibebe na hii."

Baada ya hapo Obiero alipata kuinua kichwa. Pijo ilibeba mawe kama inabeba sufi. Kambi Muru, Soweto East, mpaka kijiji cha Raila, kila aliyekuwa akisimamisha chumba alimtafuta yeye. Awiti aliacha kufulia watu nguo Lavington akafungua kibanda chake cha samaki. Obiero akaanza kuzungumza habari ya kujenga kwao Ugenya, jambo ambalo mwanamume wa kwao asipolifanya anapokwenda msibani hukaa kwenye nyumba za watu kama mgeni. Alikuwa akinionyesha ramani ya nyumba kwa kuchora na kidole kwenye unga wangu.

Mzee Kimotho akafa Julai, wakati wa baridi. Alilala mchana baada ya uji, hakuamka.

Watoto wakaja. Mkubwa wao alikuwa Waithaka, mwanamume wa viatu safi aliyekuwa akikaa Ruaka, ambaye mimi nilikuwa nimemwona mara chache sana na kila mara akiwa kwenye simu. Matanga yakapangwa, na wa kwanza kujitolea alikuwa Obiero. Pijo ilibeba hema, viti, kuni, mapipa ya maji, sufuria za kanisa, na mawe ya kujengea kaburi mpaka shambani kwao Dagoretti. Wiki nzima hakubeba mzigo wa mtu mwingine. Aliulizwa mafuta ya gari, akasema yapo.

Siku moja kabla ya mazishi alimfuata Waithaka, akavua kofia.

"Waithaka, mzee aliniambia siku yake ikifika tumbebe na hii gari. Nimeiosha."

Waithaka alimtazama, kisha akaitazama Pijo. "Pickup ya kokoto? Watu watasema nini juu yetu? Tumekodisha gari ya maana."

Basi mzee akapelekwa kuzikwa kwa gari refu jeusi lenye vioo, lisilo na mlio wowote. Obiero alifuata nyuma kabisa, akiwa amebeba viti. Nilikuwa naye kwenye kabini. Njia nzima nilikuwa nalia, si kwa sababu ya kifo.

Matanga hayajapoa, tukaitwa kikao. Tuliitwa, nasema, lakini mimi niliitwa kumimina chai. Watoto wa mzee walikaa uani kwenye viti, mafundi wa kiwanja wakasimama karibu na ukuta, na Obiero akawekwa katikati.

"Obiero, familia inakushukuru kwa kazi uliyofanya," Waithaka akaanza, sauti laini. "Sasa tunakusanya mali ya mzee, ndiyo tugawane bila maneno. Hiyo ekseli ya Canter utarudisha lini?"

Obiero hakuelewa kwanza. Nilimwona hakuelewa. "Mzee alinipa," akasema.

"Alikupa ama alikuazima?"

"Alinipa. Alisema ni yangu."

Waithaka akainuka, akatembea polepole mpaka kwenye Canter, akapiga teke gurudumu la nyuma. "Na hii ekseli iko hapa chini ni ya nani?"

"Ni ya Pijo yangu."

"Inafanya nini kwa gari ya baba yangu?"

"Mzee hakutaka gari ilale kwa mawe."

Waithaka akawageukia mafundi. "Nyinyi ni mafundi. Mtu akitoa kitu kwa gari ya mwenzake, na aache yake hapo, hiyo mnaita nini?"

Kila mmoja akatazama viatu vyake.

"Si mseme? Kwani mnafanyia kazi kwa plot ya nani?"

Ndungu, mpiga rangi, ndiye aliyekuwa mkongwe wao. "Hiyo ni kuazima," akasema.

"Lakini mzee mwenyewe alisema..." Boaz akadakia.

"Boaz, nimeuliza hiyo inaitwaje. Sijauliza hadithi."

Obiero akamtazama Nyawira. Hakumwita, hakumnyooshea kidole, alimtazama tu, na sote tukamtazama. Waithaka akamwuliza, "Nyawira, wewe ulikuwepo?"

Alikuwa akizungusha pete kidoleni. "Baba siku za mwisho alikuwa anasema vitu mingi," akasema.

Hapo nikaweka birika chini. "Nyawira, mimi nilikuwa nimesimama hapo na kikombe!" nikasema. "Mzee alikuuliza umesikia, ukasema nimesikia. Mungu anakuona."

Waithaka hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alitabasamu. "Mama Chapo, hii ni mambo ya familia. Ongeza wageni chai."

Na niliongeza. Nilikuwa na lango la kuuzia, na lango lilikuwa lao.

Tulipotoka nje Boaz alikuwa amewaka hasira. Alimwambia Obiero aondoe gari pale mara moja, alipeleke Kibera, waone nani atalifuata Kambi Muru kulifungua. Mimi pia nilimwambia hivyo. Awiti, aliposikia, alikuja mbio kutoka Kibera akasema yeye atalala chini ya hilo gari, na anayetaka ekseli amfungue yeye kwanza. Obiero alitusikiliza wote.

"Hapana," akasema. "Toa, Boaz. Kitu ya marehemu watu wakianza kugombania, siwezi zunguka nayo nikibeba mkate wa watoto. Nisikie vile inalia, nifikirie nini? Toa."

"Sitoi."

"Nipe spana basi nitoe mwenyewe."

Boaz akaitoa. Alikata vile viti vya springi alivyokuwa amevichomelea Pijo? La, hakuwa na moyo wa kuvikata. Alifungua bolti tu, ekseli ikashuka na viti vyake na vitone vyake vitatu vitatu. Kisha akaenda chini ya Canter akatoa ile iliyopinda, akaitia shafti kuukuu, akamrudishia Obiero. Propela aliyoikata ikabidi iungwe tena, ikawa na kiraka juu ya kiraka, na breki ya mkono haikupona tena.

Mnadhani ekseli ya Canter ilirudishwa mahali pake? Waithaka alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyetoa amri, hakuna aliyejali. Iliachwa kando ukutani, majani yakaota juu yake, na lori la mzee likalazwa nyuma kwenye mawe. Kila asubuhi nikifungua kibanda nililiona limekaa vile alivyokataa. Nilikuwa nageuza kiti changu nitazame barabara.

Obiero alirudi kubeba mzigo nusu, kisha robo. Watu wa kujenga hawana subira, walianza kuwaita vijana wa magunia. Awiti akarudi kufulia watu nguo. Ile habari ya nyumba ya Ugenya haikusikika tena, na mimi sikuuliza. Unga wangu ukakaa bila michoro.

Mwaka uliofuata tukaambiwa wote tuondoke. Familia ilikuwa imekubaliana kujenga gorofa. Mafundi waliotazama viatu vyao kwenye kikao kile walipewa siku zile zile nilizopewa mimi, na Ndungu alibeba makopo yake ya rangi akiwa hataki kunitazama. Awiti ndiye aliyenitafutia mahali pa kuuzia, karibu na kwao Kambi Muru, na Obiero akasema atakuja kunihamisha.

Alipofika, alimkuta Waithaka langoni na watu wa kukata vyuma. Canter ilikuwa imeshakatwa kwa gesi, vipande vipande, kijani kimeungua kikawa cheusi.

"Obiero! Niaje?" Waithaka akamwita tulipomaliza kupakia vitu vyangu, kana kwamba wameachana jana wakicheka. "Umekuja wakati mzuri. Lori ya kubeba scrap imejaa, imebaki hii kidogo. Nibebee mpaka kwa mizani, ni hapo tu, nitakulipa."

Kile kidogo kilichobaki kilikuwa ni ekseli.

Nilimngoja Obiero ateme mate. Nilimngoja aseme neno moja tu, lolote, nimsaidie kusema mengine. Alitazama benchi zangu na majiko yangu yaliyokuwa tayari ndani ya gari, akatazama ekseli. Siku hizo hakuwa akikataa mzigo.

"Pakieni," akasema.

Walipoipakia, Pijo ikakaa chini mpaka tairi za nyuma zikagusa bodi. Tulikwenda polepole, harufu ya mpira unaosuguliwa ikitufuata.

Mtu wa mizani alikuwa kijana mchangamfu. Aliizunguka ekseli ikiwa bado ndani ya gari, akagusa zile weldi kwa kidole.

"Mzae, hii si ya Canter peke yake. Hizi viti za springi ni za Pijo. Kuna msee aliweka kazi hapa." Akainama akatazama chini ya gari letu, akacheka bila ubaya wowote. "Na gari yako imekalia matako hivi! Hii ingekutosha kabisa. Kwa nini usijiwekee?"

Obiero alikuwa ameweka kidole gumba juu ya vitone vitatu vya Boaz.

"Pima tu," akasema. "Si yangu."

Ikapimwa, ikavutwa, ikatupwa juu ya rundo. Ilitoa mlio mmoja. Obiero akawasha gari.

Tulifika Kibera jua likiwa bado juu. Pale lami inapoishia na mteremko wa Kambi Muru unapoanza, nilitazamia akunje vioo na kutoa kichwa dirishani kama zamani. Akina mama wawili walimwona, wakaanza kuondoa beseni zao. Lakini yeye alizima injini, akashuka, akaweka kile kipande cha mti kwenye gurudumu.

"Siku hizi siteremki," akasema.

Akachukua benchi, mimi nikachukua jiko, tukaanza kushuka kwa miguu. Pijo ikabaki juu kwenye lami, mahali malori yanapomwaga mzigo.